Sita Juu, Kumi na Mbili Chini: Badili Uso wa Saa Yako ya Mkononi

Muulize mtu saa ngapi hapa Kilimatinde asubuhi. Atatazama mkono wake, ataona mshale mfupi umekaa kwenye saba, naye atakujibu, "Saa moja." Hajakosea, na wewe huoni ajabu yoyote, maana sote tumelelewa kuruka uso wa saa: tunaona namba hii, tunatamka ile inayoielekea upande wa pili. Mtoto wa shule ya msingi hulipata somo hilo kwa tabu. Mgeni asiyelijua hukosa basi. Nasi tunaendelea kununua saa zilezile na kuendelea kuruka.

Uso wa saa ni kibati chembamba kilichochapwa namba, kikashikizwa juu ya mashine kwa vijiguu viwili. Kinatoka na kinarudi. Ukiwa na meza safi, mwanga wa dirishani na mchana mmoja usio na haraka, unaweza kuvaa saa ambayo namba zake zinasema unachosema wewe. Huu ni mwongozo wa kuifanya kazi hiyo nyumbani.

Kwanza tuelewane tunataka nini, kwa sababu njia ziko zaidi ya moja.

Iliyo rahisi kabisa haihitaji kufungua kitu. Unavuta kifundo cha pembeni, unaipeleka saa mbele kwa saa sita, umemaliza. Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, na wengi wao huvaa saa zilizopangwa namna hiyo. Kwa saa isiyo na tarehe sina pingamizi. Yenye tarehe itakuletea shida, kwa kuwa tarehe hugeuka mashine inapoamini kuwa ni usiku wa manane. Ukiwa umeipeleka mbele saa sita, itageuka saa kumi na mbili jioni. Ukiwa umeirudisha nyuma, itageuka saa kumi na mbili asubuhi. Anayefuata tarehe za Kiislamu ataipenda hiyo ya jioni, maana siku yake huanza magharibi. Atakumbuka tu kuirekebisha kila mwezi unapoandama, kwani mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30, na gurudumu la tarehe lina namba 31. Kwa mtu wa ofisini au wa shuleni, tarehe inayobadilika kabla ya chakula cha jioni ni usumbufu wa kila siku.

Njia ninayoipendekeza ni kuiacha mashine na mishale vitembee kama kawaida, na kuzigeuza namba peke yake. Sita inakwenda juu, kumi na mbili inakuja chini, moja inakaa palipokuwa na saba. Faida yake ni kwamba mkao wa mishale haubadiliki. Saa ya ukutani ya shule na saa yako vitakuwa na mishale iliyoelekea upande uleule, kwa hiyo jicho lako halijifunzi upya. Kinachobadilika ni namba inayosomwa. Tarehe nayo inabaki kugeuka saa sita usiku, mishale yote miwili ikiwa imesimama wima juu ya sita.

Iko sababu nyingine, nayo ndiyo iliyonivutia kwenye kazi hii. Saa sita mchana jua liko juu, na kwenye uso huu sita iko juu. Saa kumi na mbili jua liko chini kwenye upeo wa macho, na kumi na mbili iko chini. Ukisimama ukingoni mwa Kilimatinde, pale nchi inapokatika kuelekea bonde la Bahi, unaona jambo hilo wazi. Halilingani kwa dakika, hilo ulijue. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao katika usawa wetu unapita katikati ya bahari. Kilimatinde iko karibu na nyuzi 35. Jua humaliza nyuzi moja kwa dakika 4, kwa hiyo linatufikia kama dakika 40 baada ya kupita pale ambapo saa imepangwa. Simika kijiti wima uani upime kivuli: kwa wastani huwa kifupi kuliko vyote karibu saa sita na dakika 40. Mwanzoni mwa Novemba huwahi, karibu saa sita na dakika 24. Katikati ya Februari huchelewa hadi karibu saa sita na dakika 54. Mtu wa Unguja, aliye karibu zaidi na mstari ule, hulipata jua la utosini mapema kuliko sisi.

Jambo la mwisho kabla ya zana. Ukiwa muuguzi katika Hospitali ya Mtakatifu Yohana, au mwanafunzi wa uuguzi hapo, na unaandika muda wa dawa kwa mtindo wa saa 24, usijitengenezee uso wenye namba zetu peke yake. Chora duara mbili: nje namba kubwa za Kiswahili, ndani namba ndogo za saa 24. Penye moja kuna 7 na 19, penye sita kuna 12 na 24, penye kumi na mbili kuna 6 na 18. Wakati wa dawa ya mgonjwa hausomwi kwa kukisia.

Saa ya kuanzia

Anza na saa ya betri ya bei ndogo, yenye mishale mitatu, mfuniko wa nyuma wa kubanduliwa, na ikiwezekana isiyo na tarehe. Mnadani na kwenye maduka ya Manyoni zimejaa. Tafuta yenye uso mkubwa na namba chache, kwa sababu utabandika uso wako juu yake. Usianze na saa ya babu. Usianze na saa uliyopewa siku ya harusi.

Saa ya zamani inahitaji onyo lake. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kwisha zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, kitu kinachotoa mionzi. Rangi hiyo huzeeka ikawa ya kahawia au ya manjano iliyofifia, ikaacha kung'aa, lakini radiamu yenyewe haijaisha: nusu yake hudumu kwa miaka 1,600 hivi. Wasichana wa viwanda vya Marekani waliokuwa wakipaka rangi hiyo katika miaka ya 1910 na 1920, wakichongoa brashi kwa midomo, waliugua mifupa na wengi wakafa. Saa ikiwa imefungwa, kioo na kasha vinaizuia kwa kiasi kikubwa. Hatari iko kwenye vumbi la rangi inayobanduka. Kwa hiyo ukirithi saa ya zamani yenye namba au mishale iliyopakwa rangi nene ya kahawia, usiifungue, usiikwangue, usimpe mtoto aichezee.

Zana

Bisibisi ndogo bapa ya kurekebishia miwani. Kibano chenye ncha nyembamba na kilichonyooka. Duka la dawa huwa nacho. Kioo cha kukuzia. Glavu za mpira, kata vidole vyake uvivae kimoja kimoja kwenye ncha za vidole, maana jasho huacha alama kwenye uso isiyofutika. Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano, la kupulizia vumbi. Pumzi ya mdomo ina mate. Wembe mpya. Vijiti vya meno. Kirija cha ndani cha kalamu ya biki iliyoisha, kilichooshwa hadi wino wote utoke, ukikata ncha yake iwe sawa. Kipande cha plastiki laini kama cha kufungia mkate. Bilauri mbili safi za kioo. Gundi ya karatasi ya kupaka, ile ya kijiti.

Supaglu iache dukani. Mvuke wake hukaa juu ya kioo na juu ya uso ukawa kama ukungu mweupe, na ukishakauka ndani ya saa hakuna namna ya kuutoa bila kuharibu.

Vumbi

Hapa ndipo kazi ya Kilimatinde inapotofautiana na kazi ya Dar es Salaam. Hewa yetu kavu ni msaada mkubwa, kwa sababu unyevu ndani ya saa ni nadra kwetu. Lakini vumbi jekundu linaingia kila mahali, na chembe moja iliyokaa kati ya mshale na uso inatosha kuisimamisha saa. Mashine ya betri ina nguvu ndogo mno; haiwezi kusukuma hata uzi wa sweta.

Chagua wakati. Kifuku ni bora kuliko kiangazi. Ikikulazimu kuifanya kazi hii kati ya Agosti na Oktoba, ifanye asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Nyunyiza maji sakafuni usiku wa kuamkia siku hiyo, asubuhi futa meza kwa kitambaa kibichi, kisha usifagie. Funga mlango, funga dirisha la upande wa upepo. Vaa shati la pamba lisilotoa nyuzi. Tandika karatasi nyeupe mezani ili kitakachodondoka ukione. Kila kipande unachokitoa kiweke chini ya bilauri iliyofunikwa, na mashine isikae wazi hata unapokwenda kufungua mlango. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote jingine katika mwongozo huu: ustadi wa mikono utakuja wenyewe, ila usafi wa meza ni uamuzi unaoufanya kabla hujagusa saa.

Watoto wawe mbali. Betri ya saa ikimezwa inaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili, na kwa macho yake inafanana na peremende. Iliyotoka na inayoingia zote ziwe kwenye kopo lenye kifuniko. Mtoto akimeza, apelekwe hospitali papo hapo, usingoje kuona dalili.

Kuuchora uso

Fanya kazi hii kabla ya kuifungua saa, ukisoma vipimo kwa makadirio, kisha utavihakikisha uso ukishatoka. Kwa kompyuta ya steshenari ni dakika chache. Kwa mkono ni bikari, protrakta na kalamu nyembamba, na nimeona nyuso za mkono zenye uzuri ambao mashine haiutoi.

Chora duara lenye kipenyo cha uso wa zamani. Ligawe mara 12, kila kipande nyuzi 30. Juu kabisa andika 6, kulia kwake 7, halafu 8. Penye tatu ya zamani panakaa 9. Endelea 10, 11, chini 12, kisha 1, 2, na penye tisa ya zamani panakaa 3. Malizia 4 na 5. Alama za dakika zibaki kama zilivyo, zikianza juu, kwa sababu mshale mrefu unaanzia juu daima. Ukipenda kuandika namba za dakika, 60 iwe juu pamoja na sita, na uziandike kwa ukubwa tofauti kabisa ili zisichanganywe na saa.

Mwambie wa steshenari achape kwa asilimia 100, asiruhusu mashine ijirekebishie ukubwa kwenye karatasi. Chapa nyuso nyingi kwenye karatasi moja, maana utaharibu chache. Chapa kwa printa ya leza. Wino wa printa ya maji huchafuka ukiguswa. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na unene huo unavumilika. Karatasi nene ya picha haifai, kwa sababu nafasi kati ya uso na mshale wa saa ni ndogo na mshale utaanza kuisugua.

Tundu la katikati ndilo linalosumbua. Wembe hulitoboa likawa na pembe, sindano hulichana. Nenda kwa fundi viatu. Ana kitoboleo cha kutobolea mikanda, na kile chake kidogo kabisa, cha milimita 2 hivi, ndicho unachokihitaji. Mwombe akitobolee nyuso zako juu ya kipande cha ngozi. Toboa kwanza, kata duara baadaye. Ni rahisi zaidi kulikata duara kuzunguka tundu kuliko kulilenga tundu katikati ya duara lililokwisha kukatwa.

Kuifungua

Toa mkanda. Kagua ukingo wa mfuniko wa nyuma hadi upate kishimo kidogo. Hapo ndipo bisibisi au ncha ya kisu butu inapoingia. Geuza mkono kama unayefungua kopo, usisukume mbele, maana ikiteleza itaingia kwenye mashine au kwenye kiganja. Mfuniko ukitoka, piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Piga picha kila hatua. Utakaporudisha vitu, picha hizo ndizo zitakazokumbuka pete ya plastiki ilikaa upande gani.

Toa betri uiweke kwenye kopo lake. Sasa tafuta mahali kijiti cha kifundo kinapoingia kwenye mashine. Karibu napo kuna kitufe kidogo au kishimo, pengine chenye mshale wa kukielekeza. Kibonyeze taratibu kwa ncha ya bisibisi huku ukikivuta kifundo. Kitatoka na kijiti chake. Kisipotoka, hujabonyeza mahali sahihi. Usiongeze nguvu, badili mahali. Kijiti kikitoka, geuza kasha juu ya kiganja chenye glavu, na mashine itashuka pamoja na uso wake. Funika kioo kwa bilauri mara moja.

Rudisha kijiti kwenye mashine, na zungusha mishale hadi mrefu na mfupi ilaliane upande mmoja. Weka ile plastiki laini juu ya uso, ukiwa umeikata mfereji wa kupitisha mhimili, ili usiuchubue. Mshale wa sekunde hutoka wa kwanza, kwa kuuinua kwa kibano karibu kabisa na mhimili, wima, bila kuukunja. Iliyobaki miwili inuliwe kwa nyembe mbili au bisibisi mbili bapa, moja kila upande, zikiingia chini ya mshale wa saa na kunyanyua kwa usawa. Weka kidole cha mkono mwingine juu kwa wepesi. Mishale hurukaruka, na kuutafuta mshale wa sekunde sakafuni ni kazi ya mchana mzima.

Uso wa zamani una vijiguu viwili vilivyozama kwenye mashine. Ingiza wembe kwenye mwanya karibu na kijiguu kimoja, nyanyua kidogo, hamia cha pili, urudi. Kikikatika kimoja bado uso utakaa. Vikikatika vyote viwili utahitaji vidoti vya gundi ya pande mbili, na kazi inakuwa ngumu zaidi.

Kuubandika

Pima uso wako wa karatasi juu ya ule wa bati. Kama saa ina tarehe, shikilia vyote viwili dhidi ya mwanga wa dirisha, chora kwa penseli pembe za kidirisha, ukate kwa wembe mpya ukifuata rula. Paka gundi nyembamba juu ya bati, si juu ya karatasi. Bandika ukianzia tundu la katikati, lilingane, kisha lainisha kuelekea nje kwa kidole chenye glavu. Lazima sita iwe juu kabisa, na tisa iwe kulia, usawa na mstari wa kifundo. Kosa la nyuzi mbili hulioni leo ila utaliona kila siku baada ya hapo.

Weka uso kati ya karatasi mbili safi, chini ya kitabu kizito, hadi kesho yake. Gundi isiyokauka ikifungiwa ndani ya saa itatoa unyevu utakaokaa kwenye kioo. Huku ukisubiri, mashine iwe chini ya bilauri.

Mishale

Rudisha uso kwenye mashine, ukisikia vijiguu vinazama. Kwa saa yenye tarehe, zungusha kijiti hadi tarehe iruke. Acha pale pale iliporuka. Hapo ndipo saa sita usiku. Weka mshale mfupi ukiwa umeelekea juu, kwenye sita, ubonyeze kwa kirija cha biki hadi uukamate mhimili. Utazame kwa pembeni: uwe sambamba na uso, usiuguse. Kisha mshale mrefu, nao juu. Zungusha duara zima polepole, ukitazama kwa pembeni mishale inavyopishana. Inapogusana, inua wa juu kidogo kwa kibano.

Mshale wa sekunde ndio mtihani. Kitundu chake ni kidogo hivi kwamba kwa macho matupu hukioni vizuri. Kwenye mashine nyingi za Seiko za mishale mitatu ni sehemu mbili za kumi za milimita. Ulaze juu ya mhimili kwa kibano, uusogeze kwa kijiti cha meno hadi uhisi umeingia, kisha ubonyeze kwa upande bapa wa kijiti hicho. Usipoingia, usibonyeze kwa nguvu, utapinda. Pumzika, unawe mikono, rudi.

Tia betri sasa, kabla ya kurudisha mashine kwenye kasha, na uiache itembee chini ya bilauri kwa saa 24. Ikisimama mahali palepale kila mzunguko, mshale unagusa kitu. Ikisimama ovyo, ni vumbi au betri. Sekunde zikiruka nne nne kwa mpigo mmoja, katika mashine nyingi hiyo ni dalili tu ya betri inayokaribia kuisha.

Ukizoea

Baada ya saa ya betri, watu wengi hutamani Seiko 5, saa isiyo ya betri iliyoanza kuuzwa 1963 na ambayo mikononi mwa wazee wetu wengi bado inatembea. Inastahili kuheshimiwa, lakini haistahili kuogopwa. Mfuniko wake ni wa kufungulia kwa kuzungusha. Mpira mdogo uliobanwa juu yake kwa kiganja mara nyingi hutosha kuulegeza. Uzuri wake ni kwamba vipuri vinaingiliana. Mashine ya 7S26 iliyotoka 1996 na zile za NH35 na NH36 zinachukua mishale ya kipimo kimoja: milimita 1.50 kwa saa, 0.90 kwa dakika, 0.20 kwa sekunde. Nyuso zinazouzwa kwa ajili yake kwa kawaida zina kipenyo cha milimita 28.5. Kabla ya kuagiza, angalia kifundo cha saa yako: kikiwa katikati ya kulia, vijiguu vya uso vinakaa mahali tofauti na saa ambayo kifundo chake kimeshuka hadi karibu na nne ya kawaida. Uso uliotengenezwa kwa ajili ya moja hautaingia kwenye nyingine bila kukatwa miguu.

Kwenye saa ya namna hii usiguse gurudumu linaloyumba wala unyoya wake wa waya. Na iweke mbali na spika ya redio. Sumaku ikiingia kwenye unyoya, saa itakimbia dakika nyingi kwa siku.

Kuifunga

Futa kioo kwa ndani kwa kitambaa laini kikavu, puliza kwa bomba la sindano, puliza na uso, teremsha mashine, ingiza kijiti hadi kibofye. Oringi ya mfuniko ipakwe mafuta ya silikoni kidogo kama unayo; iliyokatika ibadilishwe. Bonyeza mfuniko kwa vidole gumba viwili, kishimo kikiwa mahali pake. Ukikataa kuingia, peleka kwa fundi saa mwenye jeki ya kubania. Kuugonga kwa nyundo kunavunja kioo.

Baada ya hapo saa yako si ya maji tena, hata kama nyuma imeandikwa mita 30. Ivue unapooga, unapofua na unapochota.

Kabla ya kuufunga mfuniko andika ndani yake kwa penseli mwezi na mwaka ulipotia betri. Halafu usiku subiri taarifa ya habari ya saa mbili ya TBC Taifa: mshale mfupi ukae juu ya mbili, mrefu usimame wima, bonyeza kifundo. Kama tarehe itageuka kesho saa sita mchana badala ya usiku, peleka mishale mbele mzunguko mmoja wa saa kumi na mbili na itakaa sawa. Zile nyuso za akiba zihifadhi ndani ya daftari, kwa sababu jirani wa kwanza atakayeisoma saa yako atakuja na ya kwake.